Nilimwita Mjukuu wa Kibaraka, Halafu Nikaenda Kapenguria

Leo sina udaku, wadau. Kama umekuja kuangalia nani ameachana na nani, rudi Ijumaa. Ya leo inanihusu mimi mwenyewe. Nimeiandika mara nne nikafuta. Hii ni ya tano, na nikiifuta hii najua sitaiandika tena.

Wale wa siku nyingi mnaikumbuka posti yangu ya Sikukuu ya Mashujaa. Nilimwandika kijana mmoja wa Nairobi mwenye wafuasi kibao, yule anayeuza fulana zenye sura za wapigania uhuru. Jina sikutaja. Mnanijua, huwa sitaji. Niliweka vidokezo tu: gari lake, mtaa anaokaa, ule mchoro wa shingoni. Nikasema nina habari za uhakika kutoka kwa mtu wa familia kwamba babu yake alikuwa homugadi, alibeba bunduki ya mkoloni akiwawinda Maumau, na leo mjukuu anatuuzia uzalendo kwa shilingi elfu moja na mia tano kila fulana. Nikamalizia kwa swali: damu ya kibaraka husafika lini?

Siku hiyo mlinipa raha. Komenti ziliingia hadi simu ikawa moto mkononi. Kufikia kesho yake kila mtu alikuwa ameshajua ni nani, na mtu fulani akaweka picha ya mama yake akiwa dukani kwake. Niliiona ile picha. Ilikuwa kwenye komenti za posti yangu, na kuifuta ilikuwa kazi ya kubonyeza mara moja. Sikubonyeza. Kijana akafunga kurasa zake zote, na mimi nikapiga picha ya skrini ya ule ukurasa mtupu nikawatumia marafiki. Niliandika: "Tumemmaliza."

Posti ikivuma hivyo, lazima kuwe na sehemu ya pili. Ndipo nikaikumbuka Kapenguria.

Mimi ni mtoto wa Kitale. Kutoka kwetu hadi Kapenguria si mbali kwa matatu, lakini sikuwa nimewahi kuingia kwenye makumbusho ya huko. Tulipokuwa shule ya msingi walitupeleka kwenye makumbusho ya hapa hapa Kitale, yale yaliyotokana na Kanali Stoneham, Mwingereza aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu kwa miaka mingi, akaviacha kwa taifa katika wosia wake. Tuliona nyoka, tukala mkate na soda, tukarudi nyumbani. Kapenguria ilibaki ya vitabuni. Sekondari tulikariri majina sita kama wimbo, Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei, Oneko, tukayaandika kwenye mtihani na kuyaacha hapo hapo getini.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Niingie kwenye seli, niweke sauti ya huzuni kidogo, niseme, "Hapa ndipo mashujaa walipolala huku babu za watu fulani wakinywa chai na Wazungu." Nirekodi, niposti, nihesabu.

Matatu inakushusha Makutano, ambako ndiko kuna soko na kelele zote. Kapenguria yenyewe iko pembeni, mji mdogo wenye baridi, unafika kwa boda kabla hujamaliza kubishana bei. Nilitarajia jela ya kutisha kama ya kwenye sinema. Nikakuta kajela ka wilaya tu, kadogo, ka kawaida. Ukipita bila kuambiwa, hutajua kuwa kuna mtu aliyetoka mle ndani akaenda kuwa rais.

Tangu 1993 jela ile ni makumbusho. Ndani ya vyumba vya wafungwa kuna picha na vifaa vya maisha ya Wapokot na Wacherangany, na kuna maktaba iliyowekwa kwa heshima ya wote walioshiriki kupigania uhuru. Seli na maktaba viko kwenye kiwanja kimoja. Sikulifikiria hilo siku ya kwanza. Siku ya kwanza nilikuwa natafuta mahali penye mwanga mzuri.

Mama mmoja aliyekuwa akituonyesha alisubiri hadi nikashusha simu.

"Kijana, unajua ni kwa nini waliletwa hapa?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu hapa hapakuwa na kitu."

Akaeleza. Wale sita walikamatwa pamoja na wengine wengi usiku wa Oktoba 20, 1952, Gavana Baring alipotangaza hali ya hatari. Serikali ilitaka kesi isikilizwe mahali ambapo umati hauwezi kujaa barabarani. Kapenguria haikuwa na reli, reli ilikomea Kitale. Haikuwa na hoteli. Haikuwa na simu. Wilaya nzima ilikuwa imefungwa, huingii bila kibali. Hata jengo la mahakama la kutosha halikuwepo, kesi ikaendeshwa kwenye darasa la shule. Mawakili wa utetezi, Pritt kutoka Uingereza, Chaman Lall kutoka India, H.O. Davies kutoka Nigeria, na wa Kenya kama Kapila na de Souza, walikuwa wakilala Kitale. Asubuhi wanapanda, jioni wanashuka. Hukumu ilitoka Aprili 8, 1953: miaka saba na kazi ngumu. Wakapelekwa Lokitaung, kule juu kabisa Turkana.

Nilimsikiliza kwa sikio moja. Alipoondoka nikasimama kwenye mlango wa seli nikarekodi yale maneno yangu mara nane hadi yakakaa vizuri.

Jioni nikalala kwa nyanya yangu, nje kidogo ya Kitale. Sisi tunamwita kukhu. Mimi nilipewa jina la babu, mume wake, kwa hiyo tangu nikiwa mdogo yeye huniita "mzee wangu" na kunidai sukari kama mke. Babu alikufa nikiwa darasa la tatu. Ninachomkumbukia ni kofia, kikohozi, na kwamba nyumba yake haikuwa na kufuli. Mlango wa mbao, komeo la ndani, basi. Mara moja wezi waliingia mchana wakachukua redio. Baba akanunua kufuli kubwa. Babu akaikataa, wakagombana, na ile kufuli ikaishia kwenye banda la kuku. Kwetu ilikuwa hadithi ya kuchekesha ya kila Krismasi: mzee aliyeona heri kuku wafungiwe kuliko nyumba.

"Leo ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Kapenguria, kukhu. Kwa ile jela ya Kenyatta."

Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakujibu, mikono ikaendelea. Mimi nikadhani hajasikia, nikamsogelea nimwonyeshe video. Aliishika simu mbali na macho kama wanavyofanya wazee. Ilipofika pale ninaposema babu za watu wanakunywa chai na Wazungu, akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasema tena nirudishe. Nikaona haniangalii mimi, anaangalia mlango.

"Ufunguo wa huo mlango ulikuwa wa babu yako."

"Babu yupi?"

"Kwani una mababu wangapi wenye jina lako?"

Nitawaambia kama alivyoniambia, sitaongeza. Baba yake babu alikuwa skwota kwenye shamba la mlowezi hapa Trans Nzoia. Unalima la Mzungu, unaachiwa kipande cha kulima chako na kuchunga ng'ombe wachache. Halafu wakaanza kuamriwa wapunguze ng'ombe. Babu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nyuma yake kulikuwa na wadogo wanaotaka karo. Akasikia jela zinaajiri. Akaenda, akapimwa urefu, akapewa nguo. Walimtuma Kapenguria kwa sababu ni karibu na kwao. Hakujua kuna kesi itakuja. Siku moja barabara ikajaa magari na askari, wakaambiwa kuna watu sita, milango ifungwe, na mtu asiongee nao.

"Aliongea nao?" nikauliza.

"Aliniambia alifungua asubuhi na kufunga jioni. Hilo tu ndilo aliniambia, na aliniambia mara moja. Tulikuwa tumeshazaa watoto watatu."

Aliacha kazi muda si mrefu baada ya kesi. Uhuru ulipofika Desemba 1963, watu wakiimba barabarani, yeye alikaa ndani ya nyumba. Alikuwa anasubiri mtu aje kumuuliza. Hakuna aliyekuja. Kukhu alisema, "Ingekuwa heri wangekuja. Angesema akamaliza."

Halafu akarudi kwenye mahindi yake, na mimi nikaangalia ule mlango wa mbao usio na kufuli.

Usiku ule sikulala. Nitawaambia ukweli nilichofanya: nilimtetea. Nililala chali nikijipangia hoja kama wakili. Babu yangu hakuwa homugadi. Hakubeba bunduki msituni. Hakumchoma mtu nyumba. Alikuwa na ufunguo tu, na yeye asingeufunga ule mlango, angeufunga mwingine. Alikuwa na wadogo wa kusomesha. Nilikuwa na hoja kumi kufikia saa nane usiku, na zote zilikuwa nzuri.

Kisha nikafungua simu nikaisoma ile posti yangu. Hakuna hoja hata moja kati ya zile kumi niliyomwachia babu wa yule kijana. Sikuuliza alikuwa na umri gani. Sikuuliza alilazimishwa au alijitolea, aliua au alisimama tu. Niliambiwa neno moja na binamu mwenye kinyongo, nikalibandika mgongoni kwa mtu ambaye hata hakuwa amezaliwa.

Ile video sikuiposti. Asubuhi nikapanda matatu nikarudi Kapenguria.

Safari hii niliingia kwenye maktaba. Sikuwa nimekaa mbele ya kitabu tangu nimalize kidato cha nne, na sikuona aibu sana kwa sababu nilikuwa na kitu cha kutafuta. Nilitaka kuliona jina la babu. Popote. Hata kwenye orodha ya mishahara. Katika vitabu nilivyofungua siku hiyo sikuliona.

Lakini kuna mambo niliyasoma ambayo sekondari hatukuyakariri. Jaji wa kesi ile, Ransley Thacker, alikuwa mstaafu aliyerudishwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo tu, na serikali ilimlipa pauni 20,000. Achieng' Oneko alishinda rufaa yake, lakini hakuachiliwa, alibaki kizuizini. Na kuna shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia. Huyu ndiye aliyesema mahakamani kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo. Mwaka 1958 akaapa upya kuwa alidanganya, kwamba aliahidiwa kusomeshwa Uingereza. Unafikiri walifungua kesi upya? Walimshtaki yeye, wakamfunga. Kenyatta hakuachiliwa hadi Agosti 1961. Macharia baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu kesi ile, na jina lake liko kwenye jalada.

Hapo nilikaa sana. Mtu huyu uongo wake ulisaidia kuwafunga watu sita. Kama kuna mtu wa kuitwa kibaraka ni huyu. Lakini alisimama akasema, mimi ndiye, nilidanganya, hii hapa sahihi yangu. Babu yangu, ambaye kosa lake ni dogo kuliko la huyu, alinyamaza akafa nalo. Na mimi, ambaye hata sina mkoloni wa kunilazimisha, naandika juu ya watu kila wiki na kujificha nyuma ya "jina sitaji."

Nimekuwa nikiwaambia kuwa kutotaja jina ni ustaarabu. Si ustaarabu. Nikisema "msanii mmoja", "dada mmoja wa runinga", ninyi mnamtafuta, mnampata, mnamrarua, halafu mimi nasema sikumtaja. Ni mimi ninayejikinga. Yeye simkingi na chochote.

Yule mama wa makumbusho alinikuta nimekaa na kitabu kimoja muda mrefu. Akaniuliza naandika tasnifu ya chuo? Nikacheka, nikasema chuo sijafika. Nikamwambia ninachotafuta. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti: babu yangu alikuwa askari jela hapa, wakati wa kesi.

Nilisubiri sura yake ibadilike. Haikubadilika.

"Wanakuja wengine kama wewe," akasema. "Ila wengi hawasemi. Nawajua kwa sababu hawapigi picha kwenye seli. Wanaangalia milango."

Akaniuliza jina la babu. Nikamtajia. Akaliandika kwenye daftari lake na mwaka, 1952. Sijui atalifanyia nini. Nilihisi kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Nilipofika Makutano nikampigia yule kijana. Nambari niliipata kwa yule binamu yake. Nikajitambulisha. Kimya. Nikasema nimepiga kuomba msamaha, nikaanza kuelezea habari za Kapenguria, babu, ufunguo. Akanikatiza.

"Unataka nikuambie nini? Kwamba sasa tuko sawa?"

Nikasema hapana.

"Babu yangu alikuwa homugadi, ni kweli," akasema. "Mimi najua tangu niko mdogo. Kwa nini unafikiri nilianza kuuza hizo fulana? Sehemu ya pesa inaenda kwa mzee mmoja wa kijijini kwetu ambaye babu alimfanyia mabaya. Wewe hukuniuliza. Ungeniuliza ningekuambia."

Sikuwa na neno.

"Mama alifunga duka wiki mbili," akasema. "Ile picha bado iko kwako. Anza na hiyo."

Akakata. Hakuniambia amenisamehe, na msimwandikie mkimwambia anisamehe. Mwacheni. Ile posti nimeiondoa, na komenti zake zote, na picha ya mama. Ilichukua sekunde tatu.

Kuna kampuni moja ya viatu iliyokuwa imeniahidi tangazo kwa sababu ya namba za ile posti. Wameniandikia kuniuliza imeenda wapi. Nimewaambia haipo. Sijasikia kutoka kwao, na sidhani nitasikia.

Najua wengine mtauliza kama sasa nasema vibaraka walikuwa watu wazuri. Sisemi hivyo. Watu waliteswa, watu walinyongwa, na kuna waliolipwa kwa kazi hiyo na kupewa mashamba. Hayo yaandikwe na yasomwe. Lakini yaandikwe na mtu aliyeuliza, na aweke jina lake chini. Mimi sikuuliza. Hata nyumbani kwetu sikuuliza, na jibu lilikuwa mlangoni miaka yote, tukilicheka kila Krismasi.

Nilirudi kwa kukhu kumwambia kuwa jina la mzee limeandikwa kwenye daftari kule Kapenguria. Aliuliza, "Wameliandika vizuri?" Nikasema nimelitaja herufi moja moja. Akatikisa kichwa, akaniambia nikamletee kuni.

Kama ukipita Kitale, panda matatu uende ukaone. Si mbali. Usiishie kwenye seli. Ingia maktaba ukae kidogo. Watu walifungiwa pale wasisikike, leo ukifika unapewa kitabu.

Na mkitaka kuandika hapo chini, andikeni ya kwenu. Babu yako alikuwa nani? Umewahi kuuliza? Ukiandika ya babu wa mtu mwingine, nitafuta.

Mimi wangu alikuwa askari jela, Kapenguria, 1952 hadi 1953. Alifungua asubuhi, akafunga jioni. Jina lake mnalijua. Ndilo hilo liko juu ya ukurasa huu.